Barakoa Niliyoivua Mlangoni kwa Bibi

Masakta, Jumapili alasiri

Mwanangu Emiliana,

Sitakuuliza hali kwa barua wakati nakusikia uani ukisuuza nguo zako za safari. Mama yako amekuuliza kama umeweka soksi, nawe umemjibu kwa mara ya tatu kwamba umeweka. Mambo ya soksi, ya sanduku, ya namba ya kiti na ya kutopokea chakula cha mtu usiyemjua njiani ameshayasema yeye, na anayajua kuliko mimi. Mimi nina jambo moja tu. Nimekaa nalo tangu ukiwa kidato cha kwanza, na sitaki kesho asubuhi upande basi la Mwanza kabla sijakuambia.

Unajua ugonjwa wangu wa kueleza. Miaka zaidi ya thelathini ya kufundisha baiolojia inamharibu mtu. Ukimwomba chumvi anaanza na asili yake. Nivumilie leo kwa mara nyingine. Jambo hili nililieleza vizuri kwa kijiji kizima, nikaacha kulieleza kwa watu wawili tu, na hao wawili ni bibi yako na wewe.

Ninaandika nikiwa ndani ya nyumba ya Bibi. Nimekaa kwenye kigoda chake, daftari liko magotini, mlango uko wazi ili nipate mwanga. Popo wameanza kuingia darini. Mafiga bado yapo palepale, na kibuyu chake cha maziwa kinaning'inia kwenye mwamba wa paa, kimekauka na kupasuka shingoni. Najua hujavuka kizingiti hiki tangu msiba. Ukitumwa kitu humu unasimama nje na kumwita mtu mwingine akichukue. Hakuna aliyekuuliza kwa nini. Mimi sikukuuliza kwa sababu nilikuwa najua.

Unaukumbuka mwaka ule, ingawa ulikuwa mdogo na sehemu kubwa ulikuwa bweni. Watu walichoka kuutaja ugonjwa kwa jina lake. Mtu akifa walisema alipata changamoto ya upumuaji, wakazika, wakanawa mikono kwenye ndoo yenye koki, wakaenda mnadani. Wengine walijifukiza nyungu mpaka ngozi zikababuka. Mimi nilishika barakoa. Mama yako alizishona kwa cherehani yake kutokana na mabaki ya vitenge, mbili mbili, zenye tabaka tatu, nami nikazigawa shuleni, kanisani na kwa majirani.

Nilikuwa na somo langu moja ambalo nililifundisha kila mahali kwa kutumia kioo kidogo cha kunyolea. Asubuhi za kwetu hazihitaji maabara. Baridi ya mlima ikishuka, pumzi ya kila mtu inaonekana. Watu wawili wakisalimiana njiani, pumzi zao hukutana kabla ya mikono yao. Basi nilimwambia mtu apumulie kioo, kikafunga ukungu mpaka kikawa cheupe. Kisha nilimvalisha barakoa, nikamwambia apumulie tena, ukungu ukawa mdogo, mara nyingine haupo kabisa. Nikawaambia: hayo maji mliyoyaona kwenye kioo ndiyo yanayobeba vijidudu. Kitambaa hiki ni chujio, hakizuii kama ukuta. Kinamsaidia aliyekivaa, lakini kinamsaidia zaidi aliye mbele yake, kwa sababu kinakamata yanayotoka kabla hayajatawanyika. Kwa hiyo msiulize kama ninyi wenyewe mnaogopa kuugua. Ulizeni mtakaa mbele ya nani.

Nilikuwa naipenda sana sentensi hiyo ya mwisho. Niliisema na kanisani.

Wapo waliocheka. Pale mnadani mfugaji mmoja mzee, niliyetaka kununua dume kwake, alinitazama kuanzia viatu mpaka uso, akawauliza wenzake kwa sauti kubwa, "Huyu mwalimu nani kamwachisha ziwa?" Unajua ndama anayeachishwa kunyonya hufungwa kitu mdomoni. Zizi zima lilicheka, nami nikacheka ndani ya kitambaa changu. Sikukivua. Niliwaona kama watu wasiosoma, nikajiona mvumilivu sana.

Sasa nakuja kwa Bibi.

Bibi yako alizaliwa kwa Wabarbaig, upande wa Basotu, babu yako akamleta huku mlimani akiwa msichana mwenye chale za duara kuzunguka macho. Alijifunza Kiiraqw, akajifunza kulima, akabatizwa akiwa na mvi. Lakini baraka zake zilibaki za kwao. Mtu akienda safari, au akirudi kutoka safari, alimwinamia, naye akachukua funda la maziwa au mate matupu, akamtemea kidogo kwenye viganja na kifuani huku akisema maneno ya heri. Wewe mwenyewe ulipokwenda kuanza kidato cha kwanza alikutemea maziwa mpaka sweta jipya likalowa, ukanung'unika njia nzima.

Mwezi wa saba wa mwaka huo, wakati kombaini zinavuna ngano huko Basotu na vumbi limetanda mpaka kwetu, nilikwenda mjini kwenye semina ya walimu. Tulikuwa wengi katika ukumbi mmoja, madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi, barakoa nyingi ziko kidevuni. Mwenzangu wa kushoto alikohoa siku zote mbili. Nilirudi nyumbani Jumapili jioni koo linaniwasha.

Jumatatu asubuhi mama yako alinipa chai. Nilimwambia amesahau tangawizi. Akasema ameweka mara mbili ya kawaida, na kama naona haitoshi niende nikatafune mzizi wenyewe. Niliinusa tena. Haikuwa na harufu yoyote. Mama yako alidhani ninatania, akaendelea na kazi zake. Mimi nilikaa na kikombe kile mkononi na nikajua, Emiliana. Kukosa harufu ndiyo dalili tuliyofundishwa pale ukumbini siku iliyotangulia.

Mtu mwingine angesema hakujua. Mimi sina hata hilo.

Nilipaswa kukaa mbali na Bibi wiki mbili. Lakini mtoto akirudi kutoka safari asipoingia kumsalimu mama yake siku ya kwanza, kesho yake kijiji kizima kinauliza wamekosana nini. Nikajiambia nitavaa barakoa, nitasimama mlangoni, nitatoa shikamoo, nitaondoka. Nikavaa ile ya kitenge cha bluu, nikahakikisha imebana puani, nikaja hapa.

Alikuwa amekaa hapa nilipokaa mimi. Macho yake yalikuwa yameanza kufunga ukungu, na moshi ulikuwa mwingi. Nilitoa shikamoo yangu. Hakuitika. Akanyoosha shingo kunitazama vizuri.

"Mdomo wako umeuacha mjini?"

"Nimekuja nao, mama."

"Basi nionyeshe. Anayenificha mdomo ananificha neno. Njoo nikubariki, umetoka njiani."

Kioo kilikuwa mfukoni mwa koti langu. Somo zima lilikuwa kichwani. Nilikuwa nimewaeleza watoto wa darasa la kwanza likaeleweka. Lakini nilimtazama mwanamke mwenye zaidi ya miaka themanini, asiyejua kusoma, nikasema moyoni: huyu nitaanzia wapi? Hataelewa. Atadhani namkataa. Nikaivua, nikaikunja, nikaiweka mfukoni pamoja na kioo. Nikainama. Akanibariki viganjani na kifuani, uso wake karibu na wangu kama shibri moja.

Wakati ule nilidhani ile ni heshima.

Baada ya hapo hakukuwa na sababu ya kukaa mlangoni. Nilikaa naye mpaka mchana. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ajili ya upepo. Tulikula kutoka bakuli moja. Nilikohoa mara nyingi, na kila nikikohoa nilisema, "Vumbi la ngano hili." Alinihurumia, akanipa asali iliyokuwa imebaki kidogo kwenye kopo lake.

Sasa sikiliza hizi siku kwa makini, kwa sababu ndizo zilizonifanya nikuandikie barua hii.

Hayo yalikuwa Jumatatu. Ijumaa alfajiri nilimletea kuni. Nilimkuta chini ya mablanketi mawili, meno yanagongana, maziwa ya jana yake yako palepale hajayagusa. Nilimshika paji la uso, lilikuwa linachoma. Akaniambia ni baridi ya mlima tu, nisimwambie mtu, wasije wakamjazia nyumba. Nikawasha moto, nikaondoka. Sikumwambia mtu.

Ijumaa hiyohiyo, saa kumi jioni, ndipo uliposhuka kwenye Noah ya abiria pale barabarani na sanduku lako la bati. Shule ilikuwa imefunga. Ulikuwa na mafua mepesi, unapangusa pua kwa mkono wa sweta, mama yako akakugombeza. Ulipouliza utalala wapi, mimi ndiye niliyesema, "Leo lala kwa Bibi, umtie joto, anasikia baridi." Ulifurahi. Ulipenda hadithi zake.

Unaona nilichofanya? Bibi alikuwa ameshaugua kabla hujafika. Nilijua anaumwa, nilijua anaumwa nini, na bado nilikupeleka ukalale ubavuni mwake. Mungu alikuepusha, ulikohoa wiki moja tu. Hilo nalo lipo kwenye orodha yangu, ingawa nimelitaja upesi kwa sababu bado linanitia kizunguzungu.

Jumapili hakuweza kuamka. Jumatano tulimpeleka hospitali. Hawakuwa na kipimo siku hiyo, waliandika nimonia, wakampa hewa ya mtungi, na walimhudumia kwa upole. Jioni moja wewe na mama yako mlikuwa mmetoka kutafuta uji. Tulibaki wawili. Nilikuwa nimevaa barakoa, kila aliyeingia wodini alivaa. Alinitazama muda mrefu kwa macho yale yenye duara, pumzi zake fupi kama za mtu aliyepanda mlima mbio, akasema, "Ulikuwa unakohoa siku ile. Ni mimi niliyekuvua. Likae kwangu."

Nilimshika mkono tu. Siku nne baadaye tulimzika.

Ukaja msiba wenyewe. Ulikuwa umesimama karibu na turubai, umeshika birika, unawanawisha watu mikono. Shangazi yako Martha alikuwa amekaa na wanawake wa ukoo, amechoka kwa kulia, na mtu aliyechoka kwa kulia hutafuta pa kuegemeza. Akasema, bila hata kupaza sauti, "Watoto wa bweni ndio wanaotuletea haya. Mama alikuwa mzima mpaka Ijumaa."

Wanawake wawili waliitikia kwa kichwa. Ulisikia. Uliacha kumimina maji, ukageuka kunitazama. Nilikuwa hatua tano kutoka kwako. Nilichotakiwa kusema ni maneno machache: Ijumaa alfajiri alikuwa tayari na homa, mtoto hajafika. Basi. Lakini nilijua swali litakalofuata. Wangeuliza, sasa nani aliingia kwake na kikohozi? Na Mwalimu wa Barakoa, mwenye kioo, angesimama mbele ya ukoo kujibu.

Niliyatazama maji yaliyomwagika chini. Wewe uliweka birika, ukaenda kufunga ndama, na ilikuwa saa nane mchana, si wakati wa kufunga ndama.

Baadaye nilijitetea kwa maneno ya Bibi. Si amesema mwenyewe likae kwake? Si ameshalibeba, ameenda nalo? Ilinichukua miaka kukubali jambo dogo ambalo mwanafunzi wa kidato cha kwanza angeliona. Alisema likae kwake. Hakusema likae kwako. Mimi ndiye niliyelitoa kaburini kwake nikakutwisha wewe, ukiwa na miaka kumi na minne.

Nami niliona jinsi ulivyolibeba. Wengine waliziacha barakoa, wewe hukuiacha. Ulivaa kidato cha kwanza, cha pili, ukaenda nayo mpaka cha tatu. Wenzako walikuita Ninja. Mwalimu wako wa darasa alinipigia kuuliza kama una tatizo la meno. Ulitafuta kikombe cha peke yako, ukakiwekea alama ya rangi ya kucha. Krismasi ulikula jikoni ukisema umeshiba. Wazee wakija unawapa shikamoo ukiwa nje ya mlango, wao wanaitika marahaba kwa mashaka, wanauliza huyu binti ana kiburi cha shule? Na mimi, baba yako, nilikutetea. Nilisema binti yangu anazingatia afya. Nilikusifu kwa jeraha nililokutia mimi.

Mwaka jana, ulipokuwa unajaza fomu za chuo cha uuguzi, nilipita nyuma ya jiko. Mama yako alikuuliza kwa nini usisomee ualimu kama baba yako. Ukamwambia, "Nikijua kuuguza, labda nitapumzika." Mama yako alidhani unazungumzia ajira. Mimi nilikwenda nikakaa zizini mpaka ng'ombe wenyewe wakanishangaa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijaribu kukuambia. Siku ya matokeo nilijaribu. Tulipokwenda Katesh kununua sanduku nilijaribu, tukaishia kuzungumza habari za bei ya mahindi. Ulimi wa mwalimu ni mwepesi kwa mambo ya watu wengine.

Wiki iliyopita nilimwendea Babu Margwe, mdogo wake marehemu babu yako, kwa kuwa yeye ndiye atakayekubariki kesho kabla hujaondoka. Nilimweleza yote, tangu chai ya tangawizi. Alinisikiliza akichonga mpini wa jembe, hakuinua uso mpaka nilipomaliza. Nilitegemea anilaumu kwa kukohoa, au kwa kunyamaza. Akaniuliza swali nisilolitegemea.

"Kwa nini hukumwambia mama yako?"

Nikasema asingeelewa. Angeona nakataa baraka yake.

Akaweka mpini chini. Akaniambia kwamba kabla sijazaliwa kulikuwa na kaka yao mkubwa, aliugua kifua kikuu, wakamtengea kibanda upande wa chini wa shamba. Alipokuwa anapelekwa kutibiwa mbali, alitaka baraka kama mtu yeyote anayesafiri, na wazee wakaogopa. Bibi yako, wakati huo ni mke mgeni, hata lugha ya huku haijamkaa, alichuma majani mabichi, akayachovya kwenye maziwa, akasimama hatua kadhaa kutoka kwake huku ameshika kona ya shuka yake puani na mdomoni, akamrushia matone mpaka yakamfikia. Wazee wakauliza kama baraka hiyo inafika. Akawajibu kwamba maziwa hayaulizi yametoka mdomoni au kwenye jani.

"Mama yako alijua kufunika mdomo kabla yako wewe na shule yako," Babu akasema. "Ungemwambia tu, mama, ninaumwa. Angekwenda mwenyewe kuchuma majani."

Emiliana, nimerudi na maneno hayo njia yote kutoka kwake, na bado sijafika nayo mwisho. Miaka yote hii nilidhani kosa langu ni kwamba nilimheshimu mama yangu kupita kiasi. Kumbe nilimdharau. Niliwapa elimu yangu watoto wadogo, nikamnyima yeye, kwa sababu nilimtazama chale zake na vikuku vyake nikaamua mapema kwamba hana mahali pa kuiweka. Yeye aliuliza swali la haki kabisa, kwa nini umefunika mdomo. Swali lilihitaji jibu la maneno mawili, nami nikampa uso mtupu wenye maradhi.

Huko uendako utavaa barakoa kwa kazi. Watakufundisha vizuri kuliko kioo changu, kuna aina nyingi siku hizi, na utajua ipi ya wodi ipi. Sina la kuongeza kwenye hilo. Ila utakutana na wazee kama Bibi. Watakuuliza kwa nini umejificha uso. Watakuuliza kwa ukali, na wakati mwingine kwa matusi. Mimi nilishindwa hapo, kwa hiyo siwezi kukuambia inavyofanyika. Naweza kukuambia tu kwamba yule mzee anayeuliza huenda amewahi kumbariki mgonjwa kwa majani.

Sasa jambo lenyewe, niliandike wazi, ulisome bila kutafuta.

Siwezi kuapa kwamba ni mimi niliyempelekea Bibi ugonjwa ule. Hakupimwa, na watu walikuwa wanaingia na kutoka. Naamini ni mimi. Lakini naweza kuapa mbele ya yeyote kwamba hukumpelekea wewe. Alikuwa na homa kabla hujashuka kwenye gari. Mkono huu unaoandika ndio uliomshika paji la uso alfajiri ile. Nililijua hilo siku ya msiba, na kila siku tangu msiba, na nikakuacha uamini vingine kwa sababu niliona aibu.

Kwa hiyo, kama unakwenda Mwanza kwa sababu unaipenda kazi ya kuuguza, nenda, na nitajivuna mpaka watu wanikimbie. Kama unakwenda kutumikia adhabu, adhabu hiyo haikuwa yako. Ukitaka kurudi baada ya muhula mmoja na kusomea kitu kingine, sitasema neno. Na ukiona unaipenda hata baada ya kujua haya, basi itakuwa yako kweli, hukusukumiziwa na mtu aliyekufa wala na mtu aliye hai.

Kesho asubuhi Babu Margwe atakuja, na Shangazi Martha amesema atakuja na vitumbua vya njiani. Kabla ya maziwa nitasema mbele yao haya niliyoyaandika. Nimeshamwomba Babu anipe nafasi. Ukitaka yasisemwe mbele yako, niambie, nitangoja basi liondoke. Lakini Shangazi atayasikia kutoka kwangu kesho, kabla hajarudi kwake. Usimchukie. Alisema alichokiona, na aliyekuwa na kilichobaki alinyamaza.

Nilikuwa nimepanga kuiweka barua hii chini ya nguo sandukuni, uikute umeshafika. Halafu nikafikiri kukupa ukiwa dirishani, uisome njiani. Nimejichunguza nikaona zote mbili ni njia za kuwa mbali nawe wakati unasoma. Nimeshakuwa mbali vya kutosha, hatua tano tu, kwa miaka minne. Kwa hiyo nitamwita mama yako akupe sasa hivi, mikono yako ikiwa bado na povu. Sikuombi unisamehe leo. Ukiwa na hasira, afadhali uwe nayo hapa, nikiwepo.

Nimechoka, mwanangu, na tangu Alhamisi nina mafua. Huenda si kitu, ni ya msimu. Lakini wewe unaanza safari na mimi nimejifunza polepole. Utanikuta nimevaa barakoa, moja ya zile za mama yako, ya kitenge cha bluu. Na Babu nimeshamwambia, kesho tutatumia majani.

Mimi nitaendelea kukaa hapa kwa Bibi. Nimewasha moto, nimefuta kigoda cha pili. Ukija, usinisalimie kutoka nje. Mdomo wangu utakuta umefunikwa, ila neno nimeshakupa.

Ingia ndani.

Baba yako